Aliyeimba Hayumo Pichani

Tanzania Bara ilikaa miaka 33 baada ya uhuru bila kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973, tena cha rangi. Sisi wa huku tulisubiri hadi 1994. Redio ilikuwepo, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, ngoma na kwaya kwa bidii ambayo hatujaishukuru vya kutosha, lakini redio haina macho. Ndiyo maana Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali Mombasa mwaka 1979, wengi wetu tunawajua kwa masikio tu. Mpenzi wa Mbaraka anayejua kila pigo la gitaa lake, ukimwuliza mtu huyo alikuwa akisimamaje jukwaani, akitazama watu au akitazama vidole vyake, hana la kujibu.

Kwa hiyo ukitokea mkanda wenye marehemu wakiimba, hasa huku pembezoni, unaleta maneno. Tuseme umetokea Mpanda. Ni kwaya ya kanisa, mwaka 1997, wimbo mmoja uliopigwa picha nje, jirani na stesheni ya reli. Waimbaji 24, vitenge vya kijani kwa wanawake, mashati meupe kwa wanaume. Tisa kati yao wamekwisha kufa. Kwaya inaadhimisha jubilei yake na kamati imegawanyika: mkanda uonyeshwe uwanjani usiku kwenye shuka jeupe, kisha usambazwe kwenye simu, au uachwe ulipo?

Mkanda huo nimeubuni, na wanaobishana nimewabuni pia. Mabishano yenyewe sikuyabuni. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya jubilei anayajua. Wako watano: Fundi, mwenye kibanda cha kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye flashi, Mwalimu, aliyeifundisha kwaya ile, Mama, ambaye mdogo wake ni mmoja wa wale tisa, Mzee, mfugaji wa Kisukuma aliyewahi kuwa manju wa ngoma, na Binti, anayesomea ukutubi na utunzaji wa nyaraka kule Bagamoyo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI: Naanza mimi kwa sababu mkanda uko kwangu. Uliletwa ndani ya mfuko wa rambo, chini ya kanda za mahubiri. Ulikuwa umeota ukungu mweupe ukingoni mwa utepe, kama unga. Nikafungua parafujo tano, nikasafisha kwa spiriti na pamba, nikauzungusha kwa mkono kwanza usije ukakatika. Deki ninayotumia ni ya mtumba. Kila baada ya dakika chache vichwa vinaziba na lazima niifungue tena. Kilichopona ni dakika nne na kitu. Chini ya picha kuna mstari unaocheza, na kijani cha vitenge kimeelekea bluu. Lakini nyuso zinaonekana. Nyuma yao kuna mabehewa ya mizigo na mbuzi mmoja anayepita bila haraka. Na nawaambieni mapema: ile rangi ya kahawia ya utepe ndiyo inayobeba picha, na inapukutika. Nikiupitisha mara nyingi tena, mtakuwa mnabishania plastiki.

MWALIMU: Fundi, kazi yako nzuri. Ila mimi nasema uachwe.

BINTI: Uachwe upukutike, Mwalimu?

MWALIMU: Uachwe usionyeshwe. Mnajua kile mnachokiona mle? Siku ile hatukuimba.

FUNDI: Wanaimba, Mwalimu. Midomo inakwenda na maneno.

MWALIMU: Midomo inakwenda, ndiyo. Wimbo tuliurekodi Tabora mwaka uliotangulia. Tulikwenda kwa treni, Mpanda hadi Kaliua, Kaliua hadi Tabora, watu tumelala juu ya mabegi. Tulirekodi usiku kucha kwa sababu mchana mashine za kusaga za jirani zilikuwa zinapiga kelele. Picha zilikuja baadaye sana, tulipopata fedha za kumkodi mpiga picha wa harusi na kamera yake ya begani. Ukitazama vizuri, kona ya kushoto utaona spika imekaa chini na waya umekwenda kwenye betri ya gari. Ile spika ndiyo iliyokuwa inaimba. Sisi tulikuwa tunaifuatisha.

FUNDI: Nimeiona. Nilidhani ni ya kinanda.

MWALIMU: Sasa sikilizeni. Kati ya Tabora na siku ile ya stesheni, yule dada aliyeongoza wimbo, yule mwenye sauti ya kwanza inayopanda peke yake ubeti wa pili, tulimzika. Mpiga picha alipokuja, tulihitaji mtu wa kusimama mbele na kufungua kinywa. Tukamsimamisha binti mwingine. Mkionyesha mkanda huu jubilei nzima itamlilia aliyefungua kinywa. Aliyeimba hayumo pichani, na hakuna atakayemtaja.

MAMA: Aliyefungua kinywa ni mdogo wangu.

MWALIMU: Najua, dada. Sikusema kwa ubaya.

MAMA: Unasema kana kwamba aliiba. Alikuwa na miaka 17, mkamwambia simama hapa, akasimama. Mimi sibishani kuhusu sauti. Picha ya mdogo wangu tuliyo nayo nyumbani ni moja, ya pasipoti, ile iliyokaa juu ya jeneza. Amekaza uso kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke. Watoto wa ndugu zangu wanamjua shangazi yao kwa uso ule, wanafikiri alikuwa mtu mkali. Fundi aliponiita nikaona anageuka mwishoni mwa ubeti, amechelewa hatua moja nyuma ya wenzake, akajichekea mwenyewe. Yule ndiye mdogo wangu. Kuchelewa kule ndiko kulikuwa kwake.

Hapa naingilia. Hoja ya Mwalimu ni nzito kuliko inavyosikika, na haihusu kwaya moja. Karibu kila video ya kwaya iliyopigwa nje katika Afrika Mashariki, kwenye bustani, juu ya mawe, kwenye mnara wa mzunguko wa barabara, imepigwa hivyo: sauti ya studio, miili ya siku nyingine. Tunaposema tunawakumbuka marehemu kwa video tunachanganya vipindi viwili vya maisha, na wakati mwingine watu wawili. Hatulijui hilo kwa sababu kazi ikifanywa vizuri mshono hauonekani.

BINTI: Na si huku kwetu peke yake. New York kuna gwaride la Macy's siku ya Sikukuu ya Shukrani. Kila mwaka wasanii wa michezo ya jukwaani ya Broadway hutolewa ukumbini wakaletwa barabarani, baridi ya Novemba, waimbe na kucheza kipande cha mchezo wao mbele ya kamera. Mara nyingi na wao wanafuatisha sauti iliyorekodiwa kabla. Kwa baadhi ya wasanii waliokwisha kufa, vipande kama hivyo vya nje ni miongoni mwa vichache vilivyobaki kwa umma, kwa sababu mchezo wenyewe ndani ya ukumbi haukuruhusiwa kupigwa picha za kusambazwa. Watu wanavitafuta, wanavitazama, wanalia. Hakuna anayesema tuvitupe kwa sababu mdomo na sauti vilikutana barabarani.

MWALIMU: Hao wana majina yao chini ya picha, binti yangu.

BINTI: Ndipo ninapokwenda. Sote tunaijua Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ.

FUNDI: Nani asiyeijua? Mabasi yote ya Tabora na Sumbawanga.

BINTI: Kwaya ya Waadventista wa Remera, Kigali, ilianza 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari. Wanyarwanda, wameimba Kiswahili, na Kiswahili kikawafikisha hadi hapa. Mei 2011 walipata ajali wakirejea nyumbani kutoka kuimba Tanzania, wakafa waimbaji watatu. Tangu hapo ile video imekuwa ya misiba yetu. Nimehudhuria mazishi hapa Mpanda imepigwa mara tatu siku moja. Haya, nani kati yenu anaweza kunionyesha wale watatu ni wapi? Safu ipi? Majina yao nani?

(Hakuna aliyejibu, na mimi nisingejibu.)

BINTI: Wamekufa wakirudi kutoka kutuimbia sisi. Tumewaona mara elfu. Hatuwajui. Kwa hiyo mimi na Mwalimu tunakubaliana ugonjwa, tunatofautiana dawa. Yeye anasema mkanda usionyeshwe. Mimi nasema uonyeshwe ukiwa na majina. Kila mtu, safu kwa safu, na sauti ya nani ni ya nani.

MZEE: Mjukuu wangu, nikuulize. Hayo majina yataandikwa wapi?

BINTI: Chini ya picha, Mzee. Na kwenye karatasi itakayokaa na mkanda.

MZEE: Kwetu jina linakaa ndani ya wimbo wenyewe. Manju akisimama kwenye mbina, yaani ngoma, anajitaja, anataja baba yake, anataja kijiji, anamtaja na adui yake amtukane. Ukiusikia wimbo umeshajua ni wa nani. Manju Kalikali alikwisha kufa, lakini Usukumani jina lake linajulikana na hakuhitaji karatasi. Nyinyi wa kwaya mlitunga nyimbo zisizo na mwenyewe. Mkavaa nguo moja, mkapanga mstari mmoja, sasa mnashangaa hamjulikani nani ni nani?

MWALIMU: Mzee, hiyo ndiyo maana ya kwaya. Mtu haimbi kwa ajili ya jina lake. Na mimi nina hofu na majina. Nikiandika huyu aliongoza, huyu besi, huyu aliitikia tu, nimeshaanza kuwapanga wakubwa na wadogo. Kuna mmoja mle hakuwa anashika noti hata kidogo, tulimweka kwa sababu ndiye aliyekuwa anatupikia safarini. Nimwandike nini?

MZEE: Andika alipika.

MWALIMU: Unatania.

MZEE: Sitanii. Nikwambie jambo jingine kuhusu hiyo kamera. Mashindano yetu, ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, hayana mwamuzi mwenye kalamu. Baada ya mavuno makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu anacheza huku, yule anacheza kule, na watu wanakimbia kwenda kwa anayewafurahisha zaidi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Watu wanaweza kuhama mara sita kwa mchana mmoja. Vijana wanaotupiga picha siku hizi wanasimama upande mmoja, wanachukua kundi moja, wanauza. Ukitazama hiyo video unaona watu wanacheza vizuri. Huoni kwamba dakika ile uwanja ulikuwa unawakimbia. Mimi nina video yangu iliyopigwa siku niliyoshindwa vibaya, na wajukuu wanaiona wanasema babu ulikuwa hatari.

FUNDI: Na hukuwaambia?

MZEE: Kwa nini niwaambie?

Nilicheka nilipomwandika Mzee hivi, ila jibu lake lina upande usiochekesha. Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao walileta na ngoma zao, na leo ukipita stendi ya Mpanda nyimbo za Kisukuma zinajazwa kwenye memori kadi kama maandazi asubuhi. Kwa wingi wa picha hizo, mtoto wa Kisukuma wa Mlele atakuwa na kumbukumbu nyingi zaidi za ngoma zake kuliko mtoto wa Kipimbwe, Kikonongo au Kibende aliyezaliwa kijiji cha jirani, ambaye ngoma za babu yake hazikumvutia mwenye kamera. Kamera huenda penye soko. Hata wakubwa wetu ndivyo walivyohifadhiwa: Hukwe Zawose wa Bagamoyo, aliyefariki 2003, na Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, wana filamu na rekodi nzuri kwa sababu Ulaya iliwapenda ikaja na vifaa. Waliopendwa na Namanyere au Inyonga peke yake hawana.

FUNDI: Hapo kwa Wapimbwe na Wabende mwandishi amenigusa. Mimi Mbende. Sisi tuna mtu tunayemkumbuka ambaye hana picha wala rekodi. Katabi. Kule ziwani, ndani ya hifadhi, kuna mkwaju wake, watu wanakwenda kuweka sadaka na kumwomba. Hajulikani sura, hajulikani urefu. Lakini ziwa linaitwa kwa jina lake, hifadhi ikaitwa hivyo hivyo mwaka 1974, na mwaka 2012 Serikali ilipokata mkoa kutoka Rukwa nao ukaitwa Katavi. Sasa kila barua ya Serikali inayotoka hapa inamtaja. Nauza picha, nakula kwa picha, lakini kwa hilo nakubali: yule hakuhitaji deki.

BINTI: Alihitaji jina.

FUNDI: Alihitaji jina na mti.

MAMA: Mnasema majina, majina. Naomba nami niseme kuhusu majina, maana hamkuniuliza.

MWALIMU: Sema, dada.

MAMA: Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi 1972. Walipelekwa Ulyankulu, Tabora, na watu walipozidi kule wakahamishiwa Mishamo, msitu mtupu, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa Mishamo. Baba alikuwa hapendi kuandika jina lake. Hata kwenye daftari la shule alikuwa anaandika la kwangu peke yake. Nilipokuwa mkubwa ndipo akaniambia kwamba mwaka ule watu walichukuliwa kwa kusomwa majina. Mwalimu wake alisomwa. Karani wa kanisa alisomwa. Waliosomwa hawakurudi. Kwa hiyo mnaponiambia majina yaandikwe chini ya picha, kisha yaende kwenye simu za watu nisiowajua, mimi mwili unasisimka. Uraia tumepata, 2014, sisi Watanzania sasa. Lakini baba yangu angekuwepo angetoka nje ya chumba hiki.

BINTI: Pole, Mama. Sikufikiria hilo.

MAMA: Na bado nataka watu waione. Msinielewe vibaya. Ninyi hamjui kwaya zilikuwa nini kwetu makambini. Ulyankulu kulikuwa na kwaya ya Barabara ya 13. Barabara ya 13! Hawakuwa na kijiji chenye jina, wakajiita kwa namba ya barabara ya makazi, na kanda zao zikasikika nchi nzima. Watu waliokuwa wakituita wakimbizi mchana, jioni walikuwa wanatuimba. Sisi Mishamo tulitembea kwa miguu kwenda kusikiliza kaseti moja. Mdogo wangu alijiunga na kwaya ya mjini kwa sababu ya hiyo kaseti. Kwa hiyo nataka aonekane. Ninachouliza ni nani atakayeniuliza mimi kabla ya kuliandika jina lake.

Maneno ya Mama yalinibadilishia mpangilio wa makala hii. Nilikuwa nimejiandaa kumpa Binti ushindi. Bado naamini yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wengine, kwa sababu picha ya marehemu asiyetajwa inageuka haraka kuwa pambo: mtu anaitazama kama anavyotazama mabehewa yaliyo nyuma yake. Lakini kuna tofauti kati ya jina linalotolewa na wenye mtu wao na jina linaloorodheshwa na kamati, na anayejua tofauti hiyo kuliko sisi sote ni Mama.

BINTI: Kuna njia ya kati, na watu wa Broadway waliifikia kabla yetu. Mwaka 1970 mama mmoja, Betty Corwin, alianzisha hazina ya picha za michezo ya jukwaani kwenye Maktaba ya Umma ya New York, pale Lincoln Center. Vyama vya wasanii na vya mafundi vilikuwa vinahofia kazi yao isije ikauzwa nyuma ya migongo yao. Wakakubaliana: itapigwa, itatunzwa, ila mtu anakwenda palepale maktabani kuitazama, kwa sababu maalumu, hatoki na nakala. Maelfu ya maonyesho yamehifadhiwa hivyo. Waigizaji wamekufa, maonyesho yapo.

MZEE: Kwa hiyo wafu wa kule wanakaa ndani ya kabati.

BINTI: Wanakaa mahali penye masharti, Mzee.

FUNDI: Mpanda hiyo maktaba iko wapi? Mimi nina kibanda cha mabati. Jua la Septemba likipiga, mle ndani mkanda unaiva. Na ukishatoa nakala moja kwenye flashi ya mtu mmoja, hesabu mji mzima unao. Masharti yatashikwa na nani?

MWALIMU: Ndiyo maana nasema—

FUNDI: Ngoja, Mwalimu, sijamaliza. Mimi nimehamisha mikanda mingi ya harusi. Mnajua wateja wanarudi kwa nini? Si kwa bibi harusi. Wanarudi kutafuta mtu aliyepita nyuma. Mzee mmoja alinilipa elfu ishirini nimkatie sekunde saba, mke wake anavuka na sinia la pilau. Hakuwa mgeni wa heshima, hakuwa hata wa ukoo. Alikuwa jirani amekuja kusaidia kupakua. Hiyo ndiyo picha pekee inayomwonyesha akitembea. Angekuja mwenye masharti akasema harusi ya watu isitazamwe, yule mzee asingepata chake.

Sekunde saba za Fundi zinanifanya nimfikirie Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya siasa kumchukua, aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu, akiwa kijana wa kawaida tu wa kazi za Serikali ya kikoloni. Baadaye akawa Waziri Mkuu, akafariki Desemba 31, 2009. Filamu ile tunaikumbuka kwa sababu yake. Waliosimama kando yake mbele ya kamera ileile, waliofanya kazi ileile, nani anawatafuta? Mke wa yule mzee na sinia lake alipata mtafutaji mmoja, na kwa maoni yangu huyo mmoja ana haki sawa na historia ya taifa. Nisingependa kanuni yoyote ya kabati imfungie nje.

MWALIMU: Sawa. Semeni mimi ni mbishi. Bado hamjanijibu kuhusu sauti. Mtaandika majina 24 chini ya watu 24. Huyu wa 25 mtamweka wapi? Hana uso mle. Ameacha watoto wawili, mmoja yuko Katumba, mwingine sijui. Watakuja jubilei. Wataisikia sauti ya mama yao inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, mbele ya watu mia tano, na mimi nimekaa safu ya mbele nimevaa suti.

MAMA: Aliitwa nani?

MWALIMU: Unamjua. Alikuwa anakaa nyumba za chini, karibu na reli.

MAMA: Namjua. Nataka ulitamke.

(Mwalimu akalitamka. Silichapi hapa, nimemtunga, na jina la kutunga lingemfanya aonekane mtu fulani wa Mpanda ambaye hakuwa.)

MAMA: Umeona? Hujafa. Sasa nakwambia nitakalokubali. Mkanda uanze bila picha. Shuka jeupe, giza, ubeti wa pili uimbwe peke yake, na wewe usimame useme huyu ni nani na alirekodi wapi, mkiwa mmelala juu ya mabegi. Ukimaliza ndipo Fundi awashe picha, mdogo wangu aonekane. Watoto wa yule dada wakae na mimi.

BINTI: Na majina ya wengine?

MAMA: Kila familia iulizwe. Anayekataa, aandikwe mwimbaji. Anayekubali, aandikwe jina lote. Na yule wa kupika aandikwe alipika, Mzee amesema kweli.

MZEE: Mimi nasema kweli siku zote, isipokuwa kuhusu ile video yangu.

FUNDI: Na simu? Watu watataka kurushiwa usiku uleule.

MAMA: Hapo sina jibu.

BINTI: Tunaweza kuchelewesha. Nakala moja ikae kanisani, nyingine kwa Fundi, nyingine niende nayo Bagamoyo ikahifadhiwe chuoni pamoja na karatasi ya majina. Ikishavuja, angalau ile yenye majina itakuwepo ya kulinganishia.

FUNDI: Itavuja kabla hujapanda basi.

MWALIMU: Mimi sijakubali.

FUNDI: Mwalimu, utakubali lini? Nimeshakwambia rangi inapukutika.

MWALIMU: Nitakubali nikijua majina yenyewe ni sahihi. Mmesema 24. Nani ana hakika? Wewe Fundi hukuwepo. Binti alikuwa hajazaliwa. Mama alikuwa Mishamo.

MAMA: Kwa hiyo umebaki wewe.

MWALIMU: Nimebaki mimi na yule mpiga besi aliyehamia Sumbawanga, na macho yake mabovu.

FUNDI: Basi kaa hapa kwenye ndoo, nakuwekea picha moja moja kwenye kompyuta, mkanda wenyewe siugusi. Safu ya nyuma, kutoka kushoto. Huyu mwenye saa?

MWALIMU: Huyo alikuwa fundi wa reli. Alikufa 2009. Andika, lakini kamuulizeni mjane wake kwanza, yuko Makanyagio.

FUNDI: Anayefuata?

MWALIMU: Yuko hai, anauza mchele sokoni, na mkimwonyesha hii atataka alipwe.

FUNDI: Huyu aliyefumba macho?

MWALIMU: Huyo... ngoja. Rudisha nyuma kidogo. Hapana, si yeye, ni kaka yake. Walikuwa wawili wanafanana, mmoja aliacha kwaya akaoa Inyonga.

MAMA: Aliyeoa Inyonga ndiye huyu. Kaka yake alikuwa na pengo.

MWALIMU: Mwenye pengo ndiye aliyeoa.

MAMA: Mwalimu, nilikula harusi yake!